Fomu ya Mistari Thelathini na Sita

Benchi la kona ile lilikuwa bango kabla halijawa benchi. Mvua ya mwaka juzi ililing'oa kando ya barabara, bango zima la mradi wa kinga ya VVU, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kuliulizia, Gundi, fundi viatu, alilipigilia miguu minne likawa kikao. Maandishi yake bado yalisomeka: KWA MSAADA WA WATU WA, halafu basi. Jina la watu wenyewe lilikuwa upande anaokalia Satelaiti, fundi simu, na Satelaiti hajui kutulia. Kwa kujigeuzageuza kwake alikuwa amewafuta wafadhili wote, pamoja na suruali mbili. Katikati alikaa Waziri, dalali wa vyumba, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote ila ana hulka ya kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Upande wa pili alikaa Masijala, karani mstaafu aliyetumikia miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha mafaili, akatoka humo na kikohozi, kalamu mbili, na imani kwamba duniani hakuna kinachopotea, kuna kilichowekwa kwenye faili lisilo lake. Bi Birika, mwenye kahawa, alikuwa na kigoda chake mwenyewe. Alisema hawezi kukalia msaada wa watu asiowajua.

Gundi alikaa mwishoni, nyuma ya kimeza cha misumari na viatu vya watu, na asubuhi ile ya Alhamisi alikuwa na jambo. Binti yake wa pili, mshona nguo, alikuwa ameolewa na kijana mwema ambaye miezi mitatu iliyopita alipima akakutwa na virusi. Kijana alianza dawa zake hospitali na hakukosa hata siku moja. Lakini mpaka virusi vyake vifubae, mke naye alitakiwa ameze kidonge cha kinga kila siku, na vidonge hivyo hospitali haikuwa navyo. Vilikuwa vya mradi, na mradi ulivigawa kwenye hema jeupe lililosimikwa kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, hatua kumi na tano kutoka kimeza cha Gundi. Binti alipewa vya miezi mitatu. Tangu siku hiyo hema halikuonekana tena.

Jana jioni alikuja kumwona baba yake, akaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, kisha akasema: "Baba, vimebaki tisa." Mama mkwe hakuwa anajua, mtaa haukuwa unajua, na Gundi alikuwa ameapa kwamba hautajua kupitia kinywa chake. Sasa kinywa hicho kilitakiwa kiulize hema liko wapi, bila mtu kuuliza kwa nini kinauliza.

— Hivi leo si Alhamisi ya kwanza? — alisema, akiwa ameinamia kisigino kana kwamba anaongea nacho. — Lile hema mbona silioni?

— Unalitakia nini hema? — aliuliza Waziri.

— Kivuli. Likisimama pale linanikinga jua.

Bi Birika alitazama juu. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri, mazito kama mablanketi ya hospitali.

— Jua gani, baba?

— La jana. Bado nalisikia mgongoni.

Bi Birika aliinua birika. Alimmiminia kahawa, akakijaza kikombe kuliko kawaida, na Gundi hakupenda jinsi kilivyojaa.

— Hema lile msilingoje, — alisema Waziri. — Mimi nina taarifa.

— Umezipata wapi?

— Mimi ni dalali, bwana. Taarifa zinanifuata zenyewe zikitafuta chumba. Sikilizeni. Pesa za kinga zinatoka ng'ambo zikiwa nzima, zina afya, zimeshiba. Tatizo ni safari. Zikitua uwanja wa ndege zimechoka. Sasa pesa ikichoka inapelekwa wapi?

— Benki, — alisema Satelaiti.

— Hotelini! Inaitishiwa warsha ya kuikaribisha. Siku tatu, chai saa nne, chai saa kumi. Ikitoka pale inakwenda ofisi ya pili, na ofisi ya pili inasema, hee, hatuwezi kuipokea kienyeji hivi, nao wanaiitishia warsha. Ofisi ya tatu hivyo hivyo. Mpaka ifike kwetu hapa imebaki kalamu na kofia.

— Kofia mimi nilipata.

— Basi ndugu yangu ulivaa hema. Hema ndilo hilo ulilonalo kichwani.

Satelaiti aliivua kofia akaiangalia ndani, kama anatafuta kamba.

— Acheni utoto, — alisema Masijala. Alikohoa kwanza, kwa utaratibu. — Hema liko kwenye trei.

— Trei ya nini?

— Trei ya yanayosubiri saini. Mnadhani vitu vinaliwa, haviliwi, vinasubiri. Mimi nimelea faili la mtu aliyeomba feni. Lilizunguka miaka kumi na moja. Liliporudi mwombaji amestaafu, jengo limebomolewa, na ndani kuna maoni ya maofisa arobaini, wote wamekubaliana kwamba ni kweli kuna joto.

— Na feni?

— Suala la feni lilipelekwa kwenye faili lingine.

— Nyie mko zama za makaratasi, — alisema Satelaiti. — Siku hizi pesa hazisafiri, zinarushwa. Zinatoka kule, zinapanda juu kwenye mitambo inayozunguka dunia, zinashuka. Zikiwa juu hazina uzito. Ndiyo maana mkubwa anaweza kushika bilioni asijisikie kuwa ameshika kitu.

— Huyo ameanza, — alisema Bi Birika.

— Nina ushahidi, mama yangu! Kuna mtu wa mradi aliniletea simu yake, haiingizi chaji. Nikaiwasha, nikakuta ripoti. Unajua ndani mlikuwa na nini? Duara. Duara kubwa la rangi, limekatwakatwa, kijani, buluu, chungwa. Sasa jiulizeni, duara lile limeshonwa kwa nini?

Hakuna aliyejiuliza.

— Kwa hema! Hema lilikuwa jeupe, si ndiyo? Wamelitia rangi, wamelikata vipande, kila ofisi imechukua kipande chake. Ile ya kijani ilikuwa na mlango, niliuona kwa macho yangu.

— Wewe ulipaswa kutengeneza sehemu ya chaji, — alisema Masijala.

— Niliitengeneza. Ikaanza kuchaji, ikakataa kupiga.

— Hema limeolewa, — alisema Bi Birika, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. — Hema zuri vile, jeupe, lina madirisha, limewekwa peke yake barabarani mwezi hadi mwezi. Limepata ofisi yenye uwezo, limetulia zake. Liacheni.

— Bi mkubwa, hapo umekaribia, lakini hujafika, — alisema Waziri, akasimama kabisa, maana jambo lenyewe lilikuwa limeiva. — Hema limepandishwa cheo. Lilikuwa hema la uwanjani, sasa ni hema la makao makuu. Lina zulia, lina katibu muhtasi. Ukitaka kivuli chake, Gundi, unaandika barua, unaambatisha picha mbili, unaambiwa hema liko kikaoni.

Watu walicheka. Gundi naye alicheka kidogo ili asibaki nyuma, kisha neno likamponyoka.

— Na waliokuwa wanahudumiwa mle?

Kicheko kilipungua.

— Akina nani? — aliuliza Waziri.

— Watu. Waliokuwa wanaingia.

— Nani alikuwa anaingia? Mimi sijawahi kumwona mtu.

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa na sababu yake. Siku ya kwanza hema lilipokuja, mwanamke mmoja alifika karibu na mlango, akawaona wanaume wanne wamekaa mkabala, akageuka akaondoka zake kama aliyesahau sufuria jikoni. Bi Birika aliwatukana wiki nzima. Tangu hapo likawa ndilo jambo pekee ambalo benchi lile lilikubaliana bila kura: Alhamisi ya hema, kila mtu anageuka na kuutazama ukuta wa nyuma, kuanzia asubuhi hadi hema likunjwe. Walinywa kahawa wakitazama ukuta, wakabishana wakitazama ukuta. Gundi alijua kila ufa wa ukuta ule. Binti yake mwenyewe aliingia hemani akatoka, naye alikuwa ametazama ufa.

— Si tulikuwa tunatazama ukutani, — alisema Satelaiti polepole. — Ndiyo maana hatukuona lilivyoondoka.

Gundi alipigilia msumari kwenye kisigino ambacho hakikuhitaji msumari.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mwenye begi la turubai begani, jalada kubwa kwapani, na kiatu kimoja mkononi. Mguu wenye kiatu ulikanyaga, mguu mwingine ulichagua pa kukanyaga.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba mwanangu, — walijibu wote, Satelaiti akiwemo, ambaye hakuwa amempita hata kwa miaka mitano.

— Ukanda umekatika. Fundi, utaniponya?

— Kaa, dada. Dakika kumi.

Alikaa kwenye benchi, akainama kidogo, akasoma maneno yaliyokuwa pembeni ya paja lake. Alifungua jalada, akasoma ndani. Akasoma tena benchi.

— Hapa ndipo Kwa Fundi Viatu, kituo namba saba?

— Hapa ni kwa Gundi, — alisema Waziri. — Kituo cha nini?

— Mimi ni mhakiki. Nafuatilia fedha za mradi wa kinga. Nimeanzia makao makuu, wakaniambia zimeshuka kanda. Nikaenda kanda, zimeshuka ofisi ndogo. Ofisi ndogo wakasema zimeshuka stoo, stoo wakasema zimeshuka kwa walengwa, kituo namba saba. Leo siku ya kumi na moja ninashuka. — Aliangalia huku na huku. — Chini ya hapa kuna ofisi nyingine?

— Chini ya hapa kuna mtaro, — alisema Bi Birika.

— Basi nimefika.

Waziri alijifunga kifungo cha shati ambacho kwa kawaida hakifungi.

— Umefika penyewe, dada yangu. Na sisi asubuhi nzima tunazifuatilia. Kikao chetu kilikuwa kwenye hatua ya hoteli. Umeziona hotelini?

— Ziko zilizolala hotelini, ndiyo, nimekwisha kuziandika. Lakini za kwenu hazikulala. Za kwenu zilitumika, na zilitumika vizuri. Nyie ni kituo cha mfano. Makao makuu mna cheti, kimetundikwa ukutani.

— Cheti! — alisema Waziri.

— Kituo kilichokamilika. Lengo lenu lilikuwa watu mia mbili waliofikiwa. Mkafikia mia mbili na kumi na sita. Asilimia mia na nane.

Benchi likatazamana. Walikuwa wanne na mwenye kahawa.

Mhakiki alitoa fomu sita za mahudhurio zilizoshikwa na pini, za semina sita za elimu ya kinga zilizofanyika palepale kila baada ya miezi mitatu. Zilikuwa safi ajabu. Kila mstari ulikuwa na jina, jinsia, kazi na saini, kutoka juu hadi chini, na hakuna saini iliyovuka mpaka wa kisanduku chake. Mhakiki aliziangalia kwa heshima, kisha akainua macho, akauliza swali dogo kama mtu anayeuliza saa:

— Wengine wako wapi?

Waziri alifungua mdomo. Haikuwahi kutokea mdomo ule ukafunguka bure, lakini siku hiyo ulifunguka ukafungwa. Satelaiti alitazama juu, kwenye mitambo yake. Bi Birika alimtazama Masijala, na Gundi akafuata macho ya Bi Birika. Masijala alikuwa amekaa wima mno, kalamu zote mbili zimesimama mfukoni kama walinzi.

— Masijala, — alisema Gundi.

— Fomu ina mistari thelathini na sita, — alisema Masijala.

— Ndiyo. Na sisi tulikuwa wangapi?

— Mwezeshaji alikuwa na haraka. Aliniachia, akasema mzee, nikusanyie mahudhurio. Sisi tuko watano. Mistari thelathini na mmoja ibaki wazi? Kwenye karatasi ya ofisi? — Alianza kukohoa, akajizuia. — Miaka thelathini na mmoja, hakuna fomu iliyopita mikononi mwangu ikatoka na nafasi. Mstari ukiuacha wazi, mwizi anajiandikisha.

— Kwa hiyo ukajiandikisha wewe.

— Sikujiandikisha! Niliujaza kwa maadili. Sikurudia mtu hata mmoja, kurudia mtu ni uzembe. Na soda zilikuja tano kila mara, zikanywewa tano. Ya sita haikuwahi kuguswa, kwa sababu haikuwahi kuwepo.

Mhakiki alikuwa amekwisha kuanza kusoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

— Namba kumi na mbili, Mama Satelaiti, mwanamke, mfanyabiashara.

— Mama yangu? — aliruka Satelaiti. — Mama alifariki nikiwa darasa la tatu!

— Niwie radhi, kijana. Safu ya wanawake ilikuwa imepwaya.

— Sasa biashara alikuwa anafanya ya nini?

— Vitenge. Jumla.

Satelaiti alifikiri kidogo, akakaa. Ilionekana biashara ya vitenge vya jumla imempoza.

— Namba arobaini, Mke wa Kwanza wa Waziri, mwalimu. Arobaini na moja, Mke wa Pili wa Waziri, muuguzi.

Waziri, ambaye mchumba wake wa mwisho alimwachia ujumbe kwa mwenye nyumba, aliuliza kwa upole:

— Wanaelewana?

— Wameandikwa mistari inayofuatana, — alisema Masijala. — Sikusikia malalamiko.

— Sabini, Mteja wa Gundi Mwenye Kiatu Kimoja.

Wote waliutazama mguu wa mhakiki. Mhakiki naye aliutazama.

— Mia mbili na kumi na tano, Mpita Njia. Mia mbili na kumi na sita, Mwenzake.

Alifunga jalada. Alijitahidi, mtu aliyeshuka siku kumi na moja, uso ukakaza, mabega yakakataa. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kona ya jalada. Benchi lilicheka naye. Gundi pekee hakucheka, kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza kuona mahali jambo lile linapoelekea.

— Dada, — alisema. — Hema lilikwenda wapi?

— Hema? Liliondolewa. Fomu ya sita ilipoingia, mkapita lengo. Mtaa ukipita lengo unaandikwa umekamilika, na hema linahamishwa kwenye mtaa wenye pengo.

— Mtaa gani?

— Ambao fomu zake zilikuwa na mistari wazi.

Masijala alishusha kichwa. Kikohozi kilimjia, akakimeza, na kwa mara ya kwanza Gundi alimwona mzee yule akionekana na umri wake. Hakuna aliyecheka tena. Bi Birika alichukua kikombe cha Masijala, akakijaza, akakiweka mkononi mwake na kumkunja vidole juu yake.

— Kunywa, kaka. Hukuiba kitu.

— Niliiba hema, — alisema Masijala.

— Asubuhi nzima tunamtafuta mwizi mpaka kwenye mitambo ya angani, — alisema Satelaiti, — kumbe ana kikohozi.

— Wewe Satelaiti nyamaza, nisikumwagie.

Waziri alikuwa amerudiwa na sauti yake.

— Si jambo kubwa. Dada anawafuta hao watu hewa wote, mambo yanarudi yalivyokuwa, hema linakuja. Nimemaliza.

— Fomu yenye watu hewa inafutwa yote, mnabaki sifuri, — alisema mhakiki. — Mtaa wa sifuri nao haupati hema. Sifuri maana yake hakuna anayehitaji.

— Wakiwa wengi mno hema linaondoka, — alisema Bi Birika, — wakikosekana hema haliji. Mwanangu, katikati ya sifuri na mia mbili huko kwenu hakuna namba nyingine?

— Kuna moja.

Alivuta kutoka kwenye begi fomu mpya. Ilikuwa ile ile, mistari thelathini na sita, myeupe kama hema lenyewe. Masijala aliiangalia akaangalia pembeni haraka, kama mlevi aliyepitishiwa chupa.

— Hii ni ya kufungua kituo upya. Inafunguliwa na mhitaji mmoja wa kweli. Sitaki jina lake hapa, wala sitaki anieleze kitu mbele ya watu. Nataka namba yake ya simu tu. Nitampigia mwenyewe, tutaongea faragha, akikubali naweka alama kwenye mstari. Ikiingia leo, Alhamisi ijayo hema liko hapa na kila kitu chake. Kama hakuna, nafunga kituo, nateremka na mtaro.

Gundi alihesabu bila kutaka. Tisa, toa saba. Mbili.

— Kwa hiyo nauliza, — alisema mhakiki, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. — Kuna mtu mmoja?

Mbele ya kona pikipiki ilipita, ikafuatwa na mtu anayeuza vibanio vya nguo, naye akapita. Gundi alikuwa ameshika kiatu cha mhakiki. Ukanda ulikuwa umekwisha kushonwa zamani. Mkono uliendelea kushona hewa. Aliapa. Lakini aliapia jina, na namba si jina. Halafu akafikiri, akisogea tu, akiandika tu, Waziri ataona, na Waziri akiona, mtaa wa tatu watajua kabla ya adhuhuri, tena wakiwa na nyongeza. Binti angekuja tena kuosha vyombo visivyo vichafu, na safari hiyo asingesema kitu.

Ndipo Masijala aliposimama. Hakumtazama mtu. Alizunguka benchi taratibu, akakaa upande wa nyuma, uso kwenye ukuta.

— Leo si Alhamisi ya kwanza? — alisema kuuambia ukuta.

Satelaiti alimwelewa mara moja, akarusha miguu juu ya benchi, akageuka. Bi Birika alikigeuza kigoda chake. Waziri alibaki nusu dakika nzima, shingo ikipigana na adabu, mpaka mkono wa Bi Birika ukamshika mkono wa shati na kumgeuza kama anavyogeuzwa mtoto anayetaka kuona mtihani wa mwenzake.

— Ufa huu umeongezeka, — alisema Satelaiti.

— Ni ule ule, — alisema Masijala.

— Mimi naona una tawi.

— Ni tetemeko, — alisema Waziri. — Nina taarifa.

Gundi ana utaratibu wake wa kazi. Kila kiatu kinachoingia mezani kwake anakibandika kikaratasi ndani ya soli, chenye namba ya simu ya mwenyewe, maana watu husahau viatu. Alichukua kikaratasi, akaandika namba anayoijua kuliko ya kwake. Chini yake aliongeza: Piga saa nane, mama mkwe huwa amelala. Akakibandika ndani ya kiatu, akakikandamiza kwa kidole gumba, akamkabidhi mhakiki kiatu chake.

Mhakiki alikipokea, akatazama ndani kama mtu anayekagua mshono. Aliitikia kwa kichwa mara moja.

— Kazi nzuri, fundi, — alisema. Kisha, kwa sauti ya kusikika na wote: — Nimepata mmoja. Mnaweza kugeuka.

Waligeuka. Hakuna aliyeuliza. Waziri aliguna, na kwenye mguno ule kulikuwa na maswali manne hivi, lakini kiatu cha Bi Birika kilikuwa juu ya kidole chake cha mguu. Bi Birika alikuwa anaangalia mawingu.

— Alhamisi ijayo, Gundi, — alisema bila kumgeukia, — utapata kivuli chako.

— Nitashukuru, dada yangu.

Mhakiki alivaa kiatu, akaandaa fomu juu ya jalada, akaweka namba moja kwenye mstari wa kwanza ili jioni aweke alama. Masijala alisogea. Kalamu ilikuwa imekwisha kutoka mfukoni.

— Binti yangu, — alisema, — huyo mtu atakaa peke yake kwenye karatasi nzima?

— Ndiyo, mzee wangu.

— Si vizuri. Mtu akiwa peke yake namna hiyo anajisikia vibaya. Niandike mimi chini yake. Jina langu la kweli, safari hii. Tuwe wawili tu.

— Na mimi, — alisema Satelaiti. — Mama msimtie tena.

— Mniandike na wake zangu, — alisema Waziri. — Yule muuguzi angalau atasaidia.

Walikuwa hawajui ni nani, na walikuwa tayari kusimama chini yake kwenye foleni. Gundi alimshika Masijala mkono, ule wenye kalamu.

— Mmoja, Masijala. Tafadhali. Mmoja huyo anatosha. Iliyobaki iache wazi.

— Mistari thelathini na tano?

— Yote.

— Basi angalau niipige mshazari, kona hadi kona, kama tunavyofunga vitabu, asiingizwe mtu humo.

— Hapana, mzee wangu, — alisema mhakiki, akaigeuza fomu taratibu isifikiwe. — Huenda wakaja wa kweli.

Masijala aliiangalia ikiingia kwenye begi, mstari mmoja una wino, thelathini na tano haina kitu. Midomo yake ilitembea kimyakimya, alikuwa anaihesabu. Mhakiki alianza kuondoka, sasa kwa miguu miwili, na alipofika mahali ambapo hema husimama alipunguza mwendo, akapima pale kwa macho.

— Bi mkubwa, nimiminie, — alisema Waziri.

— Imeisha, — alisema Bi Birika, akaigeuza birika kuwaonyesha.

Masijala alirudisha kalamu mfukoni, akazunguka tena benchi, akakaa peke yake upande wa nyuma, akautazama ukuta mpaka begi lile likapinda kona.